Udongo wa Mbuga Nyuma ya Soko

Mwanangu Minza,

Salamu nitakupa kesho kituoni kwa mdomo wangu, kwa hiyo hapa sizirudii. Mambo ya sabuni, ya kufunga sanduku kwa kamba, ya kutomwachia mtu usiyemjua kikapu chako kwenye gari la moshi, mama yako ameyasema tangu Jumapili, na nadhani hata wewe sasa unaweza kumsomea yeye. Mmekwenda wote wawili kuwaaga kina Mama Zena, nyumba imetulia, jua bado lipo, nami nimekaa barazani na kalamu yako ya shule. Mwandiko utauvumilia. Mapadre wa Ushirombo walinifikisha darasa la nne, na tangu siku zile nimeandika majina ya vibarua tu.

Nina jambo moja la kukuambia na linamhusu Fundi Idrisa. Najua jina hilo likitajwa unakunja uso. Mara ya mwisho lilipotajwa hapa nyumbani ulikunja uso vilevile, na mimi nilifurahi. Sasa sikiliza: Fundi Idrisa yuko Mwanza, kwenye hospitali hiyohiyo unayokwenda kujifunza uuguzi. Ndiye anayeangalia mabomba na makaro ya pale. Kwa hiyo utakutana naye, labda siku ya kwanza, labda ya pili. Usidhani baba yako amekuwa mwema ghafla. Naandika kwa sababu sipendi ulisikie kwake kabla hujalisikia kwangu. Hata katika hili bado nashindana naye.

Unajua kazi yangu, lakini unaijua kwa nje, kama wanavyoijua wanaoziba pua. Nilipoianza ulikuwa hujazaliwa. Nyumba za Wazungu kule juu kila moja ilikuwa na karo lake chini ya ardhi, na hatukuwa na shughuli nalo ila kulifungua na kulisafisha likijaa. Sisi watu wa Majengo tulikuwa na mashimo yetu. Katikati, maduka ya Wahindi yote na ofisi zote na soko, ilikuwa ndoo. Kila choo kilikuwa na kijimlango cha bati upande wa uchochoroni. Unakifungua, unatoa ndoo iliyojaa, unaingiza nyingine iliyopakwa lami, unafunga, unakwenda mlango wa pili. Watu wakiamka kunywa chai wanakuta imekwisha, na hawajiulizi. Kisha mkokoteni wa ng'ombe hadi kwenye mahandaki, njia ya Kahama, tunafukia, tunamwaga chokaa.

Huo ni ubebaji, na mtu yeyote mwenye mabega anauweza. Kazi yenyewe ilikuwa kuchagua mahali pa handaki, na hiyo wakubwa waliniachia mimi. Kiangazi tulichimba karibu, masika yakikaribia nilihamisha watu hadi kwenye luseni, ule udongo wa mchanga wa upande wa juu, hata vibarua wakinung'unika kwamba ni mbali. Nilijua udongo wa mji huu kwa majina yake yote kwa sababu nilichunga ng'ombe wa baba yangu juu yake kabla haujawa mji. Ndiyo maana visima vyetu havikunuka. Hakuna aliyenishukuru, kwa kuwa hakuna aliyejua kama kuna jambo la kushukuru. Kina mama walivuta kanga puani nilipopita hata siku nilizotoka kuoga. Kwenye harusi walinipa kiti cha mwisho, karibu na mlango. Na wewe shuleni walikuita Binti Ndoo. Ulirudi umelia, ukaniambia umeanguka. Nilijua hukuanguka.

Ndipo akaja Idrisa. Mtu wa Pangani kwa kuzaliwa, lakini alikuwa amekaa miaka kule Geita kwenye mgodi wa dhahabu, akiwawekea mabomba kwenye kambi zao. Wakubwa walimleta ajenge choo cha maji sokoni, ndoo za pale ziishe. Shati jeupe, suruali ya kaki iliyopigwa pasi, na mfukoni pimamaji yake ya mbao na shaba, yenye lile tone la hewa linalotembea ndani ya kioo. Watu walimwita Fundi tangu siku aliyoshuka. Mimi niliyekuwa na kazi ileile ya kuwaondolea watu uchafu wao, nilikuwa Masele wa Ndoo.

Kwanza nilimpenda, nataka ujue hilo. Alikuja kunisalimu nyumbani, akala ugali wetu na mlenda, hakuziba pua wala hakujifanya hazibi. Lakini mama yako, baada ya mgeni kuondoka, akikusanya vyombo, akasema, bila ubaya wowote, kwamba ni ajabu, Fundi anafanya kazi kama ya Baba Minza lakini hanuki. Nikacheka naye. Lile neno likakaa kifuani siku nyingi.

Halafu ukaja wewe. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja na njia yako ya shule ilipita pale sokoni walipokuwa wakichimba. Ukaanza kuchelewa kurudi. Ukirudi, ni Fundi Idrisa amesema hivi, Fundi Idrisa amesema vile. Kwamba bomba likiwa na mteremko mkali mno maji yanakimbia na kuacha mazito nyuma, na likiwa tambarare yote yanalala, kwa hiyo lazima upate kadiri yake. Kwamba ndani ya karo mazito hutua chini, mepesi huelea, na maji ya katikati ndiyo hutoka kwenda kwenye shimo la kunyonya. Ukachora karo lote kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, pamoja na mishale. Nilikuuliza mbona hukuwahi kuniuliza mimi habari za kazi yangu. Ukaniangalia kwa mshangao wa kweli, ukasema, "Lakini baba, yako ni kubeba tu."

Kesho yake nilipaka chokaa ukuta ule. Nilikuambia ni kwa ajili ya sikukuu. Haikuwa kwa ajili ya sikukuu.

Nilikuwa na wivu, Minza. Nalitaja jina lake kwa sababu kwa miaka sita nimeuita majina mengine: nimeuita tahadhari, nimeuita heshima ya wenyeji, nimeuita kutompenda mtu anayejidai. Nilimwonea wivu shati lake. Nilimwonea wivu jinsi ulivyokunja goti ukimwambia shikamoo Fundi, naye akiitikia, marahaba mwanangu. Mwanangu! Nililisikia nikiwa ng'ambo ya barabara na ndoo mbili mkononi, na nikatamani aanguke mbele yako, aanguke vibaya, na wewe uwe unaangalia.

Basi nafasi ikaja yenyewe, sikuitafuta.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Choo kimekwisha, karo limekwisha, imebaki shimo la kunyonya. Idrisa alitaka kulichimba kule chini nyuma ya soko, kwenye ile ardhi nyeusi, kwa sababu mteremko ulimpeleka huko moja kwa moja. Akafanya kama walivyomfundisha: akachimba kishimo cha kupimia, akamwaga debe la maji, akakaa na saa yake. Hakukaa sana. Maji yalipotea yote kabla hajafunga kitambaa vizuri kichwani. Akamwaga la pili, likapotea. Alifurahi. Nilikuwa nimesimama pale na vibarua wangu, tumeitwa kusaidia kuchimba. Akanigeukia, mbele ya watu wote, kwa adabu, akaniuliza, "Mzee Masele, wewe ndiye mwenyeji. Udongo huu unakunywa maji vizuri, au vipi?"

Wewe umekulia mjini, labda hujui. Mtoto yeyote aliyechunga ng'ombe huku anajua. Ule ni udongo wa mbuga. Kiangazi hupasuka, nyufa za kuingiza mkono hadi kwapani, ndama huvunjika mguu humo. Ukimwaga maji yanapotea, lakini hayanywewi, yanaanguka tu kwenye nyufa. Mvua mbili za kwanza zikiulowesha, unavimba, unajifunga, na kuanzia hapo hata kikombe kimoja hakipiti hadi masika yaishe. Miaka yote ile sikuwahi kuchimba handaki la masika kwenye mbuga. Hatua hamsini tu upande wa kushoto kulikuwa na tuta la luseni, na bomba lingefika kwa kupindishwa kidogo. Nilijua yote hayo akiwa bado ananiangalia.

Nikamjibu, "Si umeona mwenyewe, Fundi."

Maneno manne. Hakuna hata moja la uongo, na hiyo ndiyo sifa niliyojipa nikirudi nyumbani. Vibarua wangu walikuwa Wasukuma wote. Walinitazama, wakaona uso wangu, wakainama kuchimba. Ndivyo tulivyo, mkubwa akishasema, mdogo hasemi juu yake mbele ya mgeni. Kwa hiyo niliwafunga mdomo na wao. Hilo nalo ni langu.

Choo kilifunguliwa, watu wakakisifu, wengine walikwenda wakiwa hawana haja, kuvuta ule mnyororo tu na kusikia maji. Nilisubiri. Nilikuwa nikiangalia mawingu upande wa ziwa kama mtu aliyepanda pamba. Mvua za kwanza zilipopita hakikutokea kitu, hata nikaanza kumchukia zaidi. Kisha masika yakakaza. Shimo likajaa, karo likajaa nyuma yake, na maji ya choo cha soko zima yakapanda juu ya nyasi na kushuka taratibu kuelekea bondeni. Mimi nilikuwa nimewaza aibu yake tu, shati lake jeupe ndani ya uchafu, na wewe ukiona. Sikuwaza kisima cha bondeni, tunakochota sisi watu wa Majengo. Mtu ambaye kazi yake ya miaka yote ilikuwa kuwaza kisima, siku hiyo sikukiwaza.

Yaliyofuata unayakumbuka kuliko mimi. Majengo ilihara damu nyumba hadi nyumba. Mungu alitunusuru, hatukuzika mtu, lakini mdogo wako, Kabula wetu, alibaki macho tu. Wewe ndiye uliyekaa naye siku tisa, ukimnywesha maji ya mchele kijiko kwa kijiko na chumvi kidogo kama dresa wa zahanati alivyokuonyesha, hata mama yako alipokata tamaa na kutoka nje. Siku ya tisa akaomba uji. Siku hiyohiyo ulisema utakuwa muuguzi. Kila mtu akikuuliza umeipata wapi nia hiyo unamweleza habari ya Kabula, nami hutafuta kitu cha kwenda kufanya nje.

Wakubwa walinijia mimi. Niliwaonyesha tuta la luseni, tukapindisha bomba, tukachimba shimo jipya ndani ya siku nne kwenye mvua, na maji yakazama. Yanazama hadi leo. Wakanipa koti na cheo cha nyapara mkuu wa mitaro, na mjini wakaanza kusema Mzee Masele ndiye aliyeuokoa mji. Kiti changu cha harusini kikasogezwa mbele. Na wewe ulisimama darasani ukawaambia wote kwamba baba yako anajua udongo kuliko fundi wa mgodini. Mwalimu wako ndiye aliyenisimulia. Nilikuwa nimekitamani kitu hicho kuliko koti, nikakipata, na nimekaa nacho miaka sita bila kukifurahia hata siku moja nzima.

Tazama lakini ilivyokuwa rahisi. Mabomba ni yake, mteremko ni wake, karo ni lake, halijawahi kuziba. Udongo tu ndio uliokuwa wangu. Ningefungua mdomo pale penye kishimo, tungekijenga pamoja siku ileile, na hata sifa tungegawana. Sikutaka kugawana. Nilitaka uwe na mtu mmoja tu wa kumsifu.

Asubuhi Idrisa aliyoondoka mjini alikuja hapa, kwenye baraza hii ninayoandikia. Hakukaa. Alisema, "Baba Minza, udongo ule ulikuwa unaujua."

Nikasema kila Msukuma anaujua.

"Basi ungeniambia."

Ningeweza kusema mambo mengi. Nilisema hakuniuliza vizuri. Akatikisa kichwa, si kwa hasira, zaidi kama mtu aliyepata jibu la hesabu iliyomsumbua. Kisha akatoa pimamaji yake mfukoni, akaiweka mkononi mwangu, akasema, "Hii mpe Minza. Aliitaka." Akaenda zake.

Na alipofika pale kona mlikutana. Nilikuwa nawaona. Ulikuwa unatoka kuchota maji, maji ya mto, kwa sababu kisima kilikuwa kimefungwa. Alisimama. Alikungoja umwamkie, kama ulivyomwamkia kila siku. Ukageuza uso, ukampita kimya. Mtoto wangu, niliyemfundisha kumwamkia hata mlevi, akampita mtu mzima kama anapita mti. Naye akaondoka. Na mimi hapa barazani, na pimamaji yake mkononi, nilifurahi, Minza. Furaha ile ilikuwa kubwa, na ndiyo aibu yangu kubwa kuliko hata ile ya udongo.

Sikukupa pimamaji. Niliificha kwenye sanduku la brashi za lami, mahali ambapo hakuna mwingine anayetaka kutia mkono.

Kuna jingine, dogo, nilimalize. Ile barua ya hospitali ya kukukubali, ambayo mama yako aliikuta kwenye koti langu siku ya kufua na wote mkanicheka kwamba Mzee amezeeka, anasahau. Sikusahau. Wiki moja kabla haijafika, mpagazi mmoja wa stesheni aliyetoka Mwanza alinipa salamu za Fundi Idrisa, akaniambia anafanya kazi hospitali gani. Barua yako ilipokuja na jina la hospitali ile juu, nilikaa nayo wiki mbili. Nilikuwa tayari ukose masomo ili usimwone. Niliwaza hata kuichoma. Mama yako alinitangulia kwa kufua, na sijui ningefanya nini kama koti lisingekuwa chafu. Ningependa kukuambia ningekupa. Sijui.

Sikuandiki haya ili unisamehe. Ukitaka kukasirika, kasirika, una gari la moshi zima la kukasirikia humo. Wala sikupi mafundisho, maana mtu wa namna yangu hana la kukufundisha ila kile alichokivunja mwenyewe. Lakini kuna kitu nimekiona ningependa ukichukue. Nilidhani wivu ni moto, kwa sababu watu husema unaunguza. Wangu haukuunguza kitu. Ulinifanya ninyamaze tu, mahali ambapo ilikuwa zamu yangu kusema. Utakapokuwa wodini kutakuwa na mwenzako anayependwa kuliko wewe, sista anamsifu, wagonjwa wanamwita yeye. Siku moja ataelekea kukosea, na wewe utakuwa umesimama pale unajua. Nitakuwa nikikufikiria siku hiyo.

Sasa kesho. Pimamaji nimeitoa, nimeisugua lami kwa mafuta ya taa, nimeifunga kwenye ile kanga kuukuu ya mama yako na kuiweka chini kabisa ya sanduku lako. Barua hii nitakupa gari likishaanza kutikisika, kwa hiyo unapoisoma hapa tayari umepita Malampaka au zaidi, na huwezi kuteremka kuja kunipigia kelele. Nimelipanga hivyo kwa makusudi. Baba yako ni mwoga kidogo, hilo nalo ulijue.

Utakapomkuta Idrisa, usimweleze kwa niaba yangu. Nitamwandikia mwenyewe, karatasi nyingine ninayo hapa. Wewe una deni lako na yeye, na ni la neno moja tu. Mkunjie goti, umwambie shikamoo Fundi. Simama hapo umngoje aitikie.

Najua atakavyoitikia. Atasema marahaba, mwanangu. Nimelisema hapa barazani mara tatu kwa sauti yake ili nilizoee, na bado linanichoma. Mwache aliseme.

Baba yako,
Masele wa Ndoo